Siku Saba Kusini Nikimtafuta Samaki Asiyeombwa

Nilirejea Dar es Salaam tarehe 21 Oktoba 2024. Simulizi hii nimeiunda upya kutokana na daftari lililolowa maji ya chumvi pembezoni na picha za simu, ambazo nyingi ni za samaki waliolazwa juu ya turubai. Nina mgahawa mdogo wenye meza sita huko Tabata, na kwa miaka minane samaki niliyempika kuliko wote alikuwa kibua wa boksi, yaani yule anayeletwa kutoka nchi za nje akiwa ameganda, wala si kibua anayevuliwa katika bahari yetu. Mzee mmoja mwenyeji wa Mafia, ambaye hula kwangu kila Ijumaa, aliniuliza siku moja kwa upole: "Binti yangu, kutoka hapa hadi baharini ni mwendo gani?" Nilicheka, kisha swali lile likanikaa kooni kama mwiba wa chaa.

Nikaamua kwenda pwani ya kusini kuwatazama samaki wanaovuliwa lakini hawaombwi kwa majina, na kujifunza wanavyopikwa na wale wanaowala. Nilichagua kuondoka siku moja baada ya Siku ya Nyerere, kwa kuwa mwezi mpevu ulikuwa uangukie tarehe 17 Oktoba 2024, na bamvua la mwezi mpevu, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, huacha mwamba na matope wazi kwa watu wanaookota pweza na kombe wa magamba. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa nusu tu, kama nitakavyoeleza.

Jumanne, 15 Oktoba: Mbagala hadi Kilwa Masoko

Basi liliondoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili na robo asubuhi, nauli ikiwa shilingi 18,000. Hadi Ikwiriri hakuna la kusimulia isipokuwa usingizi. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lenye urefu wa karibu kilomita moja, tulilivuka kwa dakika chache, na mama niliyekaa naye akakumbuka jinsi kabla ya mwaka 2003 watu walivyolala Ndundu wakisubiri pantoni.

Tulikwama Somanga. Mvua kubwa za mwaka huo, pamoja na kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei, zilikuwa zimeikata barabara ya kusini mahali kadhaa, na kwenye mchepuko mmoja wa udongo lori lilikuwa limezama tairi za nyuma. Tulikaa saa mbili na nusu. Kina mama waliobeba masinia ya samaki wa kukaanga walizunguka basi, na kila dirisha lilitoa sauti ileile: "Changu yupo?" Changu mmoja aliuzwa shilingi 5,000. Nilimwomba muuzaji mmoja, binti wa miaka ishirini hivi, anifunulie waliokuwa chini ya changu. Walikuwa samaki wembamba wenye mkia uliogawanyika, watatu kwa shilingi 2,000.

"Hao mbono, dada. Abiria hawawajui, ndiyo maana nawalaza chini."

Nilinunua sita. Nyama yake ni nyeupe, inaachana na mfupa bila kubembelezwa, na kwa kuwa mbono huishi kwa makundi akila vijidudu vinavyoelea majini, haina ile harufu ya tope ambayo wateja wangu huilalamikia. Binti yule alinichotea kachumbari kutoka katika chombo chake mwenyewe cha chakula cha mchana, na nilipotoa noti ya kulipia alinisukumia mkono akisema kwamba kachumbari haiuzwi.

Kwa atakayepita Somanga: nunua samaki waliokaangwa asubuhi hiyo, ukiuliza kabla hujanunua, na uwe na noti ndogo ndogo, kwa maana chenji ni adimu kuliko samaki. Kisha usimame kidogo kabla ya kutaja changu, uulize ni nani walio chini.

Tulifika Nangurukuru jioni, na Kilwa Masoko giza likiwa limeingia. Chumba kilikuwa shilingi 25,000, chenye feni na chandarua kilichotobolewa tundu moja, nikalifunga kwa kibanio cha nywele.

Jumatano, 16 Oktoba: Kilwa Masoko

Siku hii ndiyo iliyonifaa kuliko zote. Saa moja asubuhi nilikuwa pwani, na mzee mmoja aliyekuwa akisuka dema, yaani mtego wa samaki, kwa fito alinikaribisha kukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, naye akanijibu kwa namna iliyopanga upya mawazo yangu yote. Alisema kwamba chomboni kuna samaki wa mnada na kuna samaki wa kitoweo. Samaki wa mnada ni yule ambaye tajiri mwenye gari la barafu amemtaja: changu, nguru, chewa, jodari, na pweza mkubwa wa kwenda kiwandani. Samaki wa kitoweo ni yule ambaye hakutajwa, na huyo mabaharia hugawana, hupeleka kwa wake zao, au humwuza kwa fungu pale pale mchangani kwa bei ya kuondoa lawama.

"Wote wametoka kwenye dema moja, mwanangu," alisema. "Hawakuachana baharini, wameachana hapa mchangani."

Dema la kwanza lililoletwa siku hiyo lilikuwa na changu wanne na tasi kumi na kitu. Waliobaki walikuwa kikande, kangaja na puju. Kikande wanane walitupwa upande mmoja kwa fungu moja la shilingi 6,000, nikawanunua wote, na hapo ndipo ujinga wangu wa jikoni ulipofichuka. Nilitoa kisu na kuanza kumpara kikande kama ninavyompara changu. Kisu kiliteleza juu ya ngozi ile ngumu kama kandambili, kikanikosa kidole kidogo tu. Mama ntilie aliyekuwa akipika chai karibu aliacha kazi yake, akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akanifundisha.

Kikande haparwi. Hutolewa matumbo kwa mkato mdogo chini ya taya, akalazwa mzima juu ya makaa, akageuzwa mpaka ngozi iungue na kukakamaa, kisha ngozi yote huvuliwa kama koti, upande huu na upande ule. Kinachobaki ni nyama nene, ngumu kiasi, inayofanana na kidari cha kuku kuliko na samaki. Mama yule aliitia katika tui la pili lenye bizari, pilipili mbichi na ndimu, akaiacha itokote, na mwishoni akamalizia na tui zito. Tulikula kwa wali watu watano, akiwamo mzee wa dema, na alikataa malipo ya mkaa ila akakubali nimnunulie nazi mbili za kurudishia.

Kuhusu kangaja na puju nilipata mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba wana visu vikali kwenye shina la mkia, hivyo mtu huwashika kwa kichwa. La pili ni kwamba hula mwani, na matumbo yao yasipotolewa mapema, pale pale pwani, uvundo huingia katika nyama. Ninaamini nusu ya chuki ya watu wa mjini kwa samaki hawa imetokana na kuwanunua wakiwa na matumbo yaliyolala.

Niseme pia jambo ambalo huenda likawaudhi wanaopenda kila kisichojulikana kipigiwe debe. Pono alikuwapo, wa kijani na samawati, naye pia haombwi sana. Lakini sitamweka kwenye ubao wangu. Pono hukwangua mwani juu ya matumbawe, na mwamba uliopungukiwa na pono hufunikwa na mwani ule hadi matumbawe machanga yakose pa kushika. Vivyo hivyo taa na papa: huzaa watoto wachache na hukawia kupevuka, na si haki kumfungulia soko jipya samaki ambaye hawezi kulihudumia. Samaki wa kumtafutia walaji ni yule anayekua haraka na kuzaa kwa wingi, kama dagaa, kibua wetu, mbono na chuchunge.

Alhamisi, 17 Oktoba: Kilwa Kivinje

Asubuhi niliruka kwenye Noah hadi Nangurukuru na bodaboda hadi Kivinje, jumla shilingi 7,000. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya dagaa, na nilizikuta chanja za kuwaanikia zikiwa tupu. Zilinyooka ufukweni moja baada ya nyingine, nyavu zake zikipepea, na juu yake alikuwa amelala paka.

Mama mmoja mchemshaji wa dagaa, aliyekuwa akishona turubai kivulini, alinitazama kwa huruma. "Shangazi yangu, umekuja na mwezi?" Nilikuwa nimeisahau elimu ambayo kila mtoto wa pwani anayo: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, kwa sababu huifuata nuru; mbalamwezi inapotanda bahari nzima, taa ya mvuvi haina cha kuwaita. Kwa hiyo vyombo vya ringineti, nyavu za kuwazungushia dagaa, hupumzika siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu, na mimi nilikuwa nimeupanga msafara wangu kwa ajili ya bamvua pasipo kukumbuka kwamba mwezi uleule umpao mwokota kombe humnyima mvuvi wa dagaa.

Hata hivyo hakuniacha niondoke mikono mitupu. Alinipeleka stoo kwake akanionyesha viroba vya mzunguko uliopita, waliochemshwa katika maji ya chumvi kisha wakaanikwa siku moja ya jua kali, na akanieleza kwamba wateja wake wakubwa ni wafanyabiashara wanaowapeleka Kongo, ambako hununuliwa pia dagaa wengi wa Unguja. Jambo hili lilinigusa: kitoweo kinavuka nchi nzima hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huku mimi, niliye saa chache kutoka Kivinje, nikinunua boksi lililovuka bahari. Nilichukua kilo tano. Dagaa bora wanang'aa, hawaachi mchanga katika meno ya mlaji, na ukiwakunja huvunjika badala ya kujipinda.

Kwa msafiri wa baadaye: panga safari yako kwa kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Ukitaka dagaa, nenda mwezi ukiwa mchanga au umekwisha. Ukitaka tondo, kombe na pweza, nenda bamvua. Ukitaka vyote viwili, jaribu bamvua la mwezi mwandamo, ambalo mimi sikulifikiria.

Ijumaa, 18 Oktoba: Lindi

Basi dogo kutoka Nangurukuru hadi Lindi, shilingi 10,000, vumbi na michepuko, saa nne na nusu. Duka nililotaka lilikuwa limefungwa kwa sala ya Ijumaa, nikakaa kivulini hadi saa nane. Jioni nilikula mkizi wa kukaanga kwa mhogo wa kuchemsha, shilingi 3,500, na muuzaji, kijana mchangamfu, alinikumbusha kwamba hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi, maana huruka mwenyewe hadi chomboni. Nikamuuliza kwa nini basi mkizi ni rahisi hivyo. Akajibu kwamba kinachokuja chenyewe hakithaminiwi.

Jumamosi, 19 Oktoba: Mikindani

Lindi hadi Mikindani kwa shilingi 6,000. Hapa bamvua lilinilipa. Maji yalikuwa yamekupwa mbali kufikia karibu saa tano asubuhi, na kina mama kumi na wawili hivi walikuwa wameinama matopeni pembezoni mwa mikoko, kila mmoja na ndoo na kipande cha chuma. Nilivua viatu, nikamwamkia aliyekuwa mkubwa wao, naye akaniitikia marahaba na kunipa ndoo bila kuniuliza ninatoka wapi. Maswali yalikuja baadaye, tulipokuwa tumezama hadi magotini.

Tondo ni konokono wa mikokoni mwenye gamba refu la kahawia, na huokotwa kwa macho tu, akiwa ametambaa juu ya tope. Kombe hufukuliwa, mwenye uzoefu huona vitundu viwili vidogo mchangani pale mimi nilipoona mchanga. Kwa saa mbili walijaza ndoo zao na mimi nikafunika sakafu ya yangu. Mmoja alikuta pweza mdogo kwenye shimo la jiwe, wakajadiliana kwa sauti, kisha akamwacha. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara haziruhusu pweza asiyefika nusu kilo, lakini sababu aliyonipa haikuwa kanuni: pweza hukua upesi mno, na huyu angekuwa mkubwa maradufu katika mabamvua machache yajayo, akiwa palepale. Vijiji kadhaa vya Unguja, Pemba na Mafia hufanya jambo hilo kwa mpango, vikiufunga mwamba kwa miezi mitatu hivi kabla ya kuufungua kwa siku moja ya neema.

Tondo huchemshwa, ncha ya gamba huvunjwa kwa jiwe, na nyama huvutwa kwa mwiba au pini. Huoshwa mara tatu kwa chumvi ili mchanga utoke, kisha hukaangwa na kitunguu na kutiwa nazi. Ladha yake iko kati ya figo na uyoga. Nilikula sahani mbili kwa ugali wa muhogo, katika ua wa yule mama mkubwa, na wajukuu wake walikaa wakinihesabia matonge.

Hapa ninapaswa kuweka tahadhari, kwa kuwa kumhimiza mtu ale kisichojulikana ni dhamana. Kombe na chaza hula kwa kuyachuja maji, kwa hiyo uchafu wa maji hubaki ndani yao; usiwaokote karibu na mifereji ya mji, na wapike hadi waive kabisa. Bunju, samaki anayejijaza kama mpira, ana sumu isiyokufa kwa moto. Kasa ni marufuku kisheria, na nyama yake iliua watu tisa katika kisiwa cha Panza, Pemba, Machi 2024, wanane wao wakiwa watoto. Samaki usiyemjua mwulize mwenyeji anayemla, na kama hata wenyeji hawamli, uwaamini.

Jumapili na Jumatatu, 20 na 21 Oktoba: Mtwara na safari ya kurudi

Soko la samaki la Shangani, Mtwara, nilifika alfajiri. Nilinunua kilo kumi na mbili kwa jumla: vibua wa pale pale, mbono, kikande, na mtungo mmoja wa chuchunge, samaki mwenye mdomo kama sindano. Wengine katika jamii hiyo wana mifupa ya kijani, na rangi hiyo imewatisha walaji wengi pasipo sababu, kwa kuwa ni rangi tu, si sumu. Vibua niliwatia katika barafu kabla ya kuulizia bei ya kitu kingine chochote. Kibua na jodari wakikaa juani hujenga kemikali ambayo haiondoki kwa kupikwa, na mlaji huwashwa uso na moyo kumwenda mbio; wengi husema wana mzio wa samaki, kumbe alikuwa samaki aliyekosa barafu.

Deli la kuhifadhia samaki na barafu vilinigharimu shilingi 45,000, zaidi ya nusu ya bei ya samaki wenyewe. Jumatatu alfajiri kondakta wa basi nililokuwa nimelikatia tiketi alikataa kulipakia akisema litavuja juu ya mizigo ya watu, na alikuwa na haki, lilikuwa linavuja. Mfanyabiashara wa korosho, ambaye msimu wake ndio kwanza ulikuwa umeanza, alifungua fundo lake akatoa magunia mawili makavu, tukalifunga deli kama mgonjwa, na likapakiwa. Nilipomuuliza jina la duka lake ili nimrudishie, alisema magunia hayarudishwi. Saa kumi na nne baadaye tulikuwa Mbagala, barafu ikiwa imebaki kiasi cha ngumi.

Baada ya kurudi

Jumatano ya wiki ileile niliandika ubaoni: "Kikande wa nazi, 5,000." Nilipika sahani kumi na nne, nikauza tano. Mteja mmoja aliuliza kama ni samaki au ngozi ya kiatu. Mwingine aliomba kibua wa kawaida, akimaanisha yule wa boksi, na nilimpa, maana bado ninaye. Siku ya pili niliacha kutegemea ubao. Nilikata vipande vidogo, nikampelekea kila aliyekaa kipande kimoja juu ya kisosi kabla hajaagiza, nikimtajia jina na namna alivyopikwa. Sahani kumi na moja ziliisha. Mbono hawakuhitaji hata kisosi. Waliisha kabla ya saa nane.

Samaki wa Mtwara walipokwisha nilikwenda soko la samaki la Feri, Kivukoni, kuulizia nani anaweza kuniletea wengine kutoka kusini. Nilikuwa nimezoea kwenda moja kwa moja mnadani, macho yangu yakiwa kwenye changu na nguru. Safari hii nilitazama pembeni. Juu ya sakafu yenye maji, nyuma ya miguu ya wanunuzi, palikuwa na mafungu: kikande, kangaja, puju, mbono, chuchunge. Muuzaji aliniambia kwamba huwa wapo takriban kila siku, na akaniuliza nimekuwa nikinunulia wapi miaka yote hiyo. Kikande sasa ninawachukua kwake mara tatu kwa wiki, wakiwa wameshatolewa matumbo kwa shilingi 500 ya ziada, na vibua wa boksi nimewapunguza hadi nusu.

Ijumaa mzee wa Mafia alikuja kama kawaida yake. Nilimwekea kikande wa nazi pasipo kumwambia lolote, nikasimama karibu na mlango wa jikoni. Alikula kimya, akamaliza, akanawa, kisha akaniita. Alisema kwamba kwao kikande hatiwi nyanya mbili, nyanya huua tui. Nimeandika katika daftari: nyanya moja, ndogo, au isiwepo kabisa.